NDUNDU: KABLA HUJAPIGA PAMBA, JIULIZE UNAKWENDA WAPI

Mpenzi msomaji, ukitaka kujua umri wa mtu wa Kusini usimwulize kazaliwa mwaka gani. Wewe mtajie Ndundu. Akikunja uso na kuanza kukusimulia habari za matope, mbu na pantoni, huyo ni wa zamani. Akikuuliza, "Ndundu ndiyo wapi?", huyo ni wa lami.

Mimi ni wa lami. Nimezaliwa mjini, nimesoma mjini, na Ndundu nilikuwa naisikia tu kwa wajomba wanaotoka Lindi na Mtwara. Wiki hii safu yako imefunga safari mpaka huko, na wala sikwenda kuangalia viboko wa Mto Rufiji. Nilikwenda kuangalia nguo.

Usicheke. Mtaani kwetu Mbagala kuna ubishi usiokwisha. Vijana wa kijiweni wanasema mtu wa mkoani ni mshamba mpaka aje Dar afundishwe kuvaa. Ikija suruali ya kubana, wote wanabana. Ikija pana, wote wanapanua. Asiyefuata anaambiwa haendi na wakati. Nikasema haya, ngoja nitoke nje ya mji nikaone huko wasikokwenda na wakati wanakwendaje.

VIJANA WATATU, KIWALO KIMOJA

Basi la Kusini nililipandia Rangi Tatu asubuhi. Viti vya mbele yangu walikaa vijana watatu. Nywele zimekatwa mtindo mmoja, suruali zimebana namna moja, fulana rangi moja na maandishi yale yale ya Kizungu kifuani. Mwanzo nilidhani ni timu ya mpira. Kumbe hawakuwa hata wakijuana! Mmoja alishuka Mkuranga, wa pili Bungu, wa tatu tulikwenda naye hadi Kibiti. Yule wa Kibiti alipotaka kushuka ilibidi aikamate ile suruali kwa mikono miwili, maana goti lilikataa kukunja.

Simlaumu. Kupendeza ni haki ya kila mtu, na ujana ni mara moja. Ila nilijiuliza, hawa watatu nikikutana nao kesho nitawatofautisha kwa kitu gani?

Kutoka Kibiti basi linakamata Ikwiriri, halafu muda si muda unauona mto. Daraja la Mkapa ni refu karibu kilometa moja, na lilifunguliwa mwaka 2003. Chini yake Rufiji unapita taratibu, mpana, rangi ya chai ya maziwa, ukielekea baharini kwenye delta yenye msitu wa mikoko ambao ni miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika Mashariki. Basi linavuka kwa dakika chache tu. Abiria wengi hata hawakuinua macho kwenye simu zao.

Mimi nilishuka.

PANTONI ILIWAJUA WENYE NGUO

Kando ya barabara nilimkuta mzee mmoja amekaa kivulini, kanzu yake imefifia lakini safi, kofia ya mkono kichwani, miguuni katambuga za tairi. Nikamwamkia, akanikaribisha kwenye gogo. Nilipomwambia nimekuja kuuliza habari za mavazi alicheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hapa ndipo tulipokuwa tunawaona watu wa mjini walivyo."

Akanieleza kwamba kabla ya daraja kila aliyekwenda Lindi na Mtwara kwa njia hii alipita hapa kwa pantoni. Kiangazi ilikuwa nafuu. Masika mto ukijaa, magari yanapanga foleni na watu wanalala hapo hapo, siku moja, mbili, hata zaidi. Ukishavuka, unaanza kipande cha kwenda Somanga. Hicho kipande ni cha kilometa sitini hivi, na kilikuja kupata lami yote miaka mingi baada ya daraja. Mvua ikinyesha, abiria ndio waliokuwa wanalisukuma basi.

"Sasa wewe fikiria," akasema mzee. "Bwana mkubwa kashuka na suti yake na kiatu cha kumetameta. Siku ya kwanza anasimama wima, hataki kukaa chini asichafuke. Siku ya pili kakaa. Ya tatu anamwomba mama lishe kanga ajifunike mbu. Lakini wenyeji wa safari ulikuwa unawajua mapema. Kanga mbili, kandambili, viatu vizuri viko kwenye mfuko vinasubiri kufika. Pantoni ilimjua aliyevaa nguo na aliyevaliwa na nguo."

Msomaji wangu, neno hilo nililiandika palepale. Kuvaa nguo na kuvaliwa na nguo. Mwenye kuvaa anajua anakwenda wapi, atakaa juu ya nini, jua ni kali kiasi gani. Mwenye kuvaliwa anajua kitu kimoja tu, kwamba wenzake wamevaa.

PAMBA YA HUKU INA HISTORIA

Vijana wa mjini tukisema mtu "kapiga pamba" tuna maana kapendeza. Nadhani wengi wetu hatujui kwamba pande hizi pamba ni neno zito. Wakati wa Wajerumani watu wa huku walilazimishwa kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya nje. Julai 1905, kule Nandete kwenye milima ya Wamatumbi, wakaing'oa. Hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akigawa ile dawa ya maji, alikuwa mtu wa Ngarambe. Wajerumani walimnyonga Muhoro, upande huu huu wa Rufiji, Agosti mwaka ule ule.

Sisemi kuvaa jinzi ya kubana ni ukoloni. Nasema tu kwamba kuna watu hapa walishawahi kuulizana swali la maana kuhusu pamba: hii ni kwa faida ya nani?

Na nguo zenyewe hazikuanza juzi kuja kwa mafungu. Majahazi yalikuwa yakiingia delta kuchukua boriti za mikoko. Biashara ya Pwani ilileta merikani, kile kitambaa cheupe kilichopata jina lake kwa sababu kilitoka Marekani, na kaniki, ile nguo nyeusi ya buluu. Kwa muda mrefu nguo hizo zilikuwa alama ya mtu wa chini. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walianza kuachana na kaniki na merikani wakajifunga kanga za rangi na maua. Kila mmoja alichagua doti yake. Ile ilikuwa fasheni, ndiyo, lakini ilikuwa na neno ndani yake: sasa najichagulia mwenyewe.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza akina mama wa TANU wakati wa kudai Uhuru, aligombea ubunge hapa Rufiji mwaka 1965, ingawa mwaka huo kura hazikutosha. Tazama picha zake za miaka ile. Wanaume wengi wamevaa suti na mashati, yeye kavaa kama mwanamke wa Pwani, kichwa kimefunikwa. Hakuiga mavazi ya wazungu ili asikilizwe. Alisikilizwa vilevile.

KULAZIMISHWA NAKO SI STAILI

Hapa kuna watakaofurahi na kusema, "Umeona? Ndiyo maana tunasema vijana warudi kwenye kanga na kanzu!" Taratibu, ndugu zangu.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza rasmi Januari 1969. Vimini, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua vilipigwa marufuku, na mjini Dar vijana wakawa wanawavizia wasichana mabarabarani na kwenye mabasi. Kuna waliodhalilishwa hadharani kwa jina la kulinda utamaduni. Ikafuata nini? Miaka ya sabini vijana walewale wakaingia kwenye bugaluu na viatu vya raizoni kama vile hakuna lililotokea.

Mtu akikulazimisha kuvaa kanga, bado hujachagua. Na kijiwe kikikulazimisha kuvaa suruali iliyochanika magoti, hapo napo hujachagua. Tofauti ni kwamba wa kwanza anatumia mgambo na wa pili anatumia kicheko.

KWA FUNDI IKWIRIRI

Nilimuaga mzee nikapanda bodaboda kurudi Ikwiriri, safari fupi tu. Nilitaka kumwona fundi cherehani, kwa sababu fundi ndiye anayezijua siri za nguo za watu kama daktari anavyojua za miili yao.

Nilimkuta barazani, cherehani ya miguu, redio pembeni. Ilikuwa Julai na watu walikuwa wakivuna ufuta, na msimu kama huo, aliniambia, fundi hapumziki. "Dada mwandishi, hapa hela ikiingia unaiona mwilini kwa watu. Ikiisha nayo unaiona."

Tulipokuwa tukiongea akaja binti mmoja, tuseme miaka kumi na tisa, kajitanda mtandio, kashika simu. Akamwamkia fundi, akamwonyesha picha. Gauni la msanii wa Dar: refu, kitambaa cha kung'aa, limeshika mwili mpaka magotini kisha limeachia mkia unaoburuza sakafu. Kuna harusi ya binamu yake wiki mbili zijazo, naye alilitaka hilo hilo, lisipungue kitu.

Fundi akapiga hesabu. Kitambaa, bitana, zipu, ufundi: shilingi elfu sitini. Binti akanyamaza kidogo. Halafu akasema hela anayo, ya ufuta wake mwenyewe, ila ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa ameiweka aanze biashara ya maandazi na chai pale stendi.

Fundi hakumsema wala hakumkataza. Alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, hili utalivaa mara ngapi?"

"Mara moja. Labda mbili."

"Kwa hiyo kila ukilivaa unalipa elfu thelathini. Na harusi iko wapi?"

Harusi ilikuwa kijijini, ng'ambo, sehemu ya kufika kwa bodaboda na mwisho kwa mguu. Fundi akaangalia ule mkia kwenye picha, akamwangalia binti. Binti naye akaangalia. Wote watatu tukaanza kucheka, maana kila mmoja alishauona mkia ule umeingia kwenye tairi la bodaboda.

Sasa hapa ndipo nilipopata nilichokifuata. Yule binti hakuondoka amenuna, na wala hakukubali kuvalishwa gauni la bibi. Alikaa. Akaikuza ile picha kwa vidole. Akasema, "Mimi nilichokipenda ni hapa," akaonyesha shingo. Ilikuwa shingo ya pembe nne, na bega limekunjwa kama feni. "Hapa nina shingo ndefu, panaonekana. Huku chini sikupendi sana, nimekuta tu kipo."

Wakakubaliana: kitenge cha rangi ya machungwa na bluu iliyoiva, shingo ile ile, mabega yale yale, chini limwagike mpaka chini kidogo ya magoti aweze kutembea na kucheza ngoma. Shilingi elfu ishirini na nne kila kitu. Kitenge hicho atakivaa Idi, atakivaa kwenye vikao, na akikichoka atafungulia kwenye maandazi yake. Akikivaa mara arobaini tu, kila mara inamgharimu shilingi mia sita.

Fundi akachukua futi akaanza kupima. Binti akasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Elfu thelathini na sita za maandazi zilikuwa zimebaki kwenye pochi.

UKILI MMOJA, MIKEKA MIWILI

Jirani na fundi, mama mmoja alikuwa akisuka ukili. Rufiji mikeka ni sifa yao. Makuti machanga ya ukindu yanakatwa, yanakaushwa, mengine yanachemshwa na rangi, kisha yanasukwa kuwa ukili mrefu mwembamba. Ukili ukitosha, unashonwa pande kwa pande mpaka unakuwa mkeka. Ni kazi ya siku nyingi.

Nilimwuliza mama anapataje mapambo yale, ameyaona wapi. Akaniambia mengine amefundishwa na mama yake, mengine ameyaona kwa jirani, mengine yamemjia tu mkono ukiwa kazini. "Ukindu ni huu huu, mwanangu, na rangi tunanunua duka moja. Lakini mkeka wangu nikiuona sokoni naujua, na wa jirani naujua."

Nikawakumbuka wale vijana watatu wa kwenye basi. Na wao duka lilikuwa moja na rangi moja. Tofauti ni kwamba mama huyu alikuwa ameweka mkono wake. Alichukua cha watu akakiunganisha na chake. Kuiga si dhambi, wapenzi wasomaji. Hakuna aliyezaliwa anajua kuvaa. Dhambi ni kuiga na kuishia hapo. Wahenga waliposema kuiga tembo kunya ni kupasuka msamba, hawakusema usimtazame tembo.

Ndiyo maana mimi sijiungi na wanaotukana mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa polepole ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikalalamika, nchi nyingi zikalegeza, Rwanda ndiyo iliyoshikilia ushuru wake. Ubishi huo wa viwanda ni wa haki na haujaisha. Lakini kwa mtu anayetafuta staili yake, belo likifunguliwa ni darasa. Pale hakuna nguo mbili zinazofanana. Ni lazima ushike, ugeuze, ujipime, useme hii ndiyo mimi na hii siyo. Anayekwenda kwenye mitumba akiwa na picha ya mtu mwingine kichwani anarudi mikono mitupu, au anarudi na kitu ambacho hatakivaa.

MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

Najua mtasema, mwandishi umetupeleka mbali, sasa tufanyeje? Haya, nimeyakusanya ya mzee, ya fundi na ya mama wa mkeka. Kabla hujatoa hela, jiulize.

Kwanza, ninakwenda wapi nayo? Mtu wa Rufiji anayelinda mpunga wake kwenye dungu hahitaji nguo ya mtu wa ofisi ya Posta, na wa Posta hahitaji ya dunguni. Kila kazi ina heshima ya vazi lake.

Pili, hali ya hewa inasemaje? Pwani kuna joto na jasho, na jioni mbu. Nguo ya pamba iliyolegea yenye mikono mirefu itakufaa kuliko koti la nailoni uliloliona kwenye video iliyopigwa nchi ya theluji.

Tatu, mwili wangu una nini kizuri? Yule binti aliijua shingo yake. Mwingine ana mabega, mwingine ana kimo, mwingine rangi nyeusi inayong'aa akivaa njano. Jitazame kwenye kioo bila picha ya mtu mwingine pembeni. Na tafadhali usibadilishe ngozi ili ifanane na nguo. Badilisha nguo.

Nne, hela hii ilikuwa ya nini? Kama ni ya akiba, sawa. Kama ni ya mtaji, ada au dawa, hiyo nguo itakubana hata ikiwa pana. Na ya kuazima ndiyo kabisa. Wazee walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tano, nitaivaa mara ngapi? Gawanya bei kwa idadi hiyo, kama fundi alivyofanya. Hesabu ya darasa la nne, lakini imeokoa mtaji wa maandazi.

Ukishajibu matano hayo, fasheni haitakusumbua tena. Itapita barabarani kama yanavyopita mabasi ya Mtwara darajani. Wewe utasimama kando na kuangalia. Likipita linalokwenda kwako, panda. Yasiyokwenda kwako, yapungie mkono.

Na kwa masista duu na mabitozi wa Mbagala wanaosema mkoani hawajui kuvaa: nauli ya Ikwiriri haizidi bei ya fulana zenu. Nendeni mkaone. Ila vaeni suruali ambayo goti linakunja, maana kule wageni tunakaribishwa kwenye mkeka.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.